Nani Atakesha na Moto?

Mtu aliyezoea nyama choma ukimwachia jiko la moshi, kosa lake la kwanza huwa lilelile: anaongeza moto. Nami nililifanya. Nilikuwa kwa shemeji yangu Houston, jimbo la Texas, Jumamosi moja, akaniambia nimwangalizie jiko wakati anakwenda dukani. Nikaona moto umefifia, nikatia magogo matatu kwa mpigo na kufunga mlango. Aliporudi, dohani ilikuwa ikitoa moshi mweupe mzito kama wa majani mabichi, na kidari cha ng'ombe cha kilo 6 alichokuwa amekiweka tangu saa kumi alfajiri kilishashika ladha ya masizi. Tulikila. Hakuna aliyelalamika mezani, na kimya kile kiliniuma kuliko ningetukanwa.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuulizwa. Binamu, jirani, mtu niliyesoma naye, anatuma picha WhatsApp: "Hili vipi? Nichukue?" Picha inaonyesha rangi, magurudumu, meza ya pembeni na kipimajoto kinachong'aa kwenye kifuniko. Haionyeshi ninachotaka kukijua, kwa hiyo hujibu kwa swali: nani atakaa na moto, na kwa saa ngapi? Wengi huona nawakwepa.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Kwenye nyama choma moto uko chini, nyama iko juu yake, na mambo yamekwisha ndani ya saa moja na ushee. Mbavu za mbuzi zinataka hivyo. Kwenye jiko la moshi nyama haikutani na moto uso kwa uso. Inakaa kando yake au juu sana, kifuniko kimefungwa, na kinachoipika ni hewa yenye moshi, nyuzi 105 hadi 130 hivi za sentigredi. Hilo ni joto dogo kwa mpishi yeyote. Kidari kinaweza kukaa humo saa kumi na mbili.

Kwa nini mtu ajitese hivyo? Kidari, bega na shingo ni misuli iliyofanya kazi maisha yote ya mnyama, na imejaa kolajeni, protini ngumu inayoshikilia misuli. Ukiichoma haraka utatafuna hadi taya liume. Ukiipasha polepole, kolajeni inalainika na kuwa jelatini, kitu kilekile kinachofanya supu ya makongoro igande ikipoa. Kazi hiyo inashika kasi joto la ndani ya nyama likishapita nyuzi 70, na kidari huwa tayari kwenye 95 hivi. Steki ukiifikisha 95 ni soli ya kiatu. Kwa hiyo kama nyumbani kwako mnapenda steki na mishikaki tu, huhitaji jiko la moshi hata kidogo. Baki na jiko lako la kuchomea, hela hiyo ifanyie jambo jingine.

Ufundi wenyewe si mgeni kwetu. Neno la Kiingereza la mapishi haya, "barbecue", limetokana na "barbacoa", ambalo Wahispania walilisikia visiwani Karibi katika karne ya 16 kwa watu wa Taino: fito zilizopangwa juu ya nguzo, moto mdogo chini yake. Hicho ni kichanja. Wavuvi wa Ziwa Viktoria wanabanika sangara na kamongo hivyo hivyo. Tofauti iko kwenye shabaha. Mvuvi anataka samaki akauke afike sokoni bila kuoza, wakati mpishi wa Texas anataka nyama iliyoiva hadi kulegea lakini bado ina maji yake. Ndiyo maana tanuri la kubanikia samaki, hata liwe zuri vipi, si lazima likufae kwa kidari.

Sasa moshi. Watu wengi wanadhani moshi ukiwa mwingi ndiyo ladha inakuwa nyingi, na hapo ndipo majiko mengi yanalaumiwa bure. Mti ukipata joto hautoi moto moja kwa moja. Unatoa gesi kwanza, na gesi hizo ndizo zinazowaka. Zikipata hewa ya kutosha zinaungua karibu zote, na kinachobaki ni moshi mwembamba, wa kibuluu, ambao ukiutazama dhidi ya jua unakaribia kutoonekana. Huo ndio wenye harufu nzuri, kutokana na kuvunjika kwa lignini, ile gundi inayoshikilia nyuzi za mti. Ukinyima moto hewa, gesi zinatoka hazijaungua, zimebeba lami na uchungu, zinaganda kwenye nyama. Huo ndio niliomtengenezea shemeji.

Hivyo moto mdogo unaopumua unashinda moto mkubwa uliobanwa, na kila jiko lililobuniwa kwa kazi hii linajaribu kuupata huo moto mdogo na kuutunza kwa saa nyingi. Yanatofautiana kwa nani anayeutunza: wewe, matundu ya hewa, udongo, au mashine.

La shemeji yangu ndilo linaloitwa ofseti. Ni bomba kubwa la chuma lililolala, dohani upande mmoja, na sanduku la moto limening'inia upande mwingine, chini kidogo. Umbo hilo linahusishwa na mafundi wa kuchomelea wa visima vya mafuta huko Texas na Oklahoma, waliokuwa na mabomba ya chuma nene tele. Moto ni wa kuni, si mkaa. Hewa inaingia kwenye sanduku, inapita juu ya nyama, inatoka. Anayetunza moto ni wewe, peke yako. Kipande cha kuni cha unene wa kigasha kinaisha baada ya dakika 30 hadi 45, kwa hiyo kidari cha saa kumi na mbili kinakudai uinuke kitini mara ishirini hivi. Shemeji huweka gogo linalofuata juu ya paa la sanduku la moto ili lipate joto kabla ya kuingia, nalo likiingia linashika moto papo hapo bila kufuka. Nilipomuuliza kwa nini hakunieleza siku ile, alisema alidhani naona kwa macho.

Ladha ya ofseti haina mpinzani, nalisema hilo bila kusita. Lakini lisikutie tamaa. Maofseti ya bei nafuu yanayouzwa kwenye maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi ni ya bati jembamba, la milimita 2 hivi, na milango isiyokaa sawa. Bati jembamba halishiki joto: upepo ukivuma linashuka, ukitia gogo linaruka, na wewe unakimbizana nalo siku nzima. Ofseti ya maana ni ya chuma cha milimita 6 au zaidi, ambayo watu wanne wanaihamisha kwa kugombana. Kati ya hizo mbili kuna bidhaa nyingi za kujutia. Kama bajeti yako inafikia ofseti jembamba tu, hela hiyohiyo kwenye aina nyingine itakupa nyama bora zaidi.

Aina nyingine hiyo ni jamii ya majiko ya wima yanayotumia mkaa. Mwaka 1952, George Stephen, mfanyakazi wa kiwanda cha Weber Brothers karibu na Chicago kilichotengeneza maboya ya chuma, alikata boya katikati, nusu moja ikawa jiko na nusu kifuniko. Jiko hilo la duara bado lipo, na ukipanga vipande vya mkaa wa kushindiliwa ukingoni kama nyoka aliyejikunja, ukawasha kichwa tu, utapata saa sita au zaidi za moto wa taratibu. Ukiwa nalo tayari, anza nalo. Baadaye Weber wakatoa la wima lenye umbo la risasi: mkaa chini, beseni la maji katikati, nyavu mbili juu. Beseni linakinga nyama na moto na kutuliza joto, kwa sababu maji hayapiti nyuzi 100. Moto unatunzwa na matundu ya hewa, matatu chini na moja juu. Ukishajua kuyabana, unalala.

Na kuna pipa. Hapa ndipo msomaji wa Dar, Mombasa au Kampala anapaswa kutega sikio, maana pipa la lita 200 ni jiko la moshi lililokamilika robo tatu kabla hujaligusa. Langu lilitengenezwa Gerezani, mtaa wa mafundi pale Dar. Fundi alitaka kukata mlango ubavuni, nikamwambia hapana.

"Bosi, bila mlango majivu utayatoaje?"

"Nitalipindua, fundi."

Alicheka akidhani natania, lakini kila mlango ni mahali hewa inapoingia bila ruhusa yako, na pipa zima linategemea hewa unayoiruhusu wewe. Tulitoboa matundu manne ya upana wa sentimita 2, kiasi cha sentimita 5 kutoka chini. Matatu ninayaziba na kufungua kwa kipande cha sumaku, la nne lina koki. Ndani kuna kikapu cha nondo nyembamba cha kuwekea mkaa, kimeinuliwa ili majivu yaanguke chini na moto upumue. Wavu wa nyama uko sentimita 60 juu ya mkaa. Umbali huo ndio unaofanya kazi ya ukuta. Ukiupunguza, umerudi kwenye nyama choma.

Pipa lenyewe lina masharti mawili. Ulizia lilibeba nini: mafuta ya kula au juisi ya kuchanganya, sawa, dawa za mimea, viyeyushi au kitu ambacho muuzaji anasitasita kukitaja, liache palepale. Pili, lisiwe la bati lililopakwa zinki, kwa sababu zinki ikiungua inatoa mvuke wenye madhara. Kisha kabla ya nyama yoyote, lijaze kuni na ulichome lote, ndani na nje, mpaka rangi na utando wa ndani viishe kabisa. Lisugue, lipake mafuta ya kupikia, liwashe tena. Siku hiyo majirani watakuchukia. Angalia upepo unaelekea wapi na nguo za nani ziko kwenye kamba.

Kuliwasha kunataka subira kidogo: jaza kikapu mkaa ambao haujawashwa, changanya na vipande vichache vya mti mkavu, halafu mwaga juu yake makaa machache yaliyokwisha kushika. Moto utashuka wenyewe polepole, na ujazo mmoja unaweza kudumu kwa muda wa saa nane na zaidi.

Kamado ni dada tajiri wa pipa. Asili yake ni Japani. Wanajeshi wa Marekani waliyaona baada ya Vita Kuu ya Pili wakayabeba kwenda nayo, na mwaka 1974 Ed Fisher wa Atlanta akaanza biashara ya yale ya kijani yanayoitwa Big Green Egg. Ni yai nene la kauri. Mkaa kidogo unadumu usiku kucha, kwa kuwa udongo unashika joto na hewa inayohitajika ni chache mno. Mkaa unaofaa humo ni ule wa mti halisi usioshindiliwa, ambao Wamarekani wanaulipia zaidi na sisi tunauita mkaa tu. Ubaya wake ni bei, na uzito: yai kubwa linapita kilo 70, na likianguka kwenye ngazi umemaliza. Kuna kosa jingine la wageni wa kamado: wanaliacha lipande hadi nyuzi 180 kisha wanajaribu kulishusha. Halishuki. Utasubiri saa mbili.

Halafu majiko ya peleti, ambayo ndiyo yanayopendwa sasa Marekani. Peleti ni vijiti vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa. Joe Traeger wa Oregon alipata hataza ya jiko hilo, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1986, na hataza ilipoisha mwaka 2006 kampuni nyingine zikaingia sokoni. Parafujo ndefu inasukuma peleti kidogokidogo kwenye kikombe cha moto, feni inapuliza, kompyuta inapima na kuamua. Unaweka 110, unakwenda kazini. Kwa mtu wa Minneapolis mwenye watoto watatu na baridi ya kuua nje, sina cha kumwambia ila achukue. Ladha yake ya moshi ni ya upole kuliko ya ofseti, na wageni wengi hawatajua.

Lakini kwa anayefikiria kulituma kwa kontena kuja nyumbani, asimame kidogo. Lililonunuliwa Marekani ni la volti 120. Umeme wetu ni 230 na zaidi. Ukilichomeka moja kwa moja, hadithi inaishia hapo, na transfoma ya kulishusha inapaswa kumudu kiwashio kinachokula mamia ya wati. Umeme ukikatika saa nane usiku, moto unazima na nyama inakaa vuguvugu, kwenye joto ambalo bakteria wanalipenda. Peleti nazo zinanyonya unyevu. Ukiacha gunia wazi kwenye hewa ya Tanga au Zanzibar utakuta zimevimba na kurudi kuwa unga, na unga huo unaziba parafujo. Zaidi ya hayo zinaisha, nusu kilo hadi kilo moja kwa saa, na duka la karibu haliziuzi. Majiko ya moshi ya umeme na ya gesi yana nafasi yake kwa samaki na jibini, ila mimi sijawahi kumshauri mtu ayanunue kwa ajili ya nyama kubwa.

Kuna jambo ambalo maelezo ya Kimarekani hayatakuambia, nalo kwetu linabadilisha uchaguzi mzima. Ng'ombe wao amelishwa nafaka, kidari chake kina mafuta ndani na juu. Wetu, Boran au zebu wa kienyeji, ametembea na kula nyasi, kidari ni chembamba na kikavu. Ofseti inapitisha hewa nyingi juu ya nyama, na hewa inayopita inakausha. Nyama yetu inafaidi zaidi chumba kidogo chenye unyevu: pipa, risasi yenye beseni la maji, au kamado. Bega la mbuzi, shingo na mbavu fupi za ng'ombe zinatoka vizuri kuliko kidari. Kwa hiyo hata ukiwa na hela ya ofseti nene ukiwa Arusha, ningekuuliza mara mbili.

Kuhusu miti, hapo tuna utajiri tusioutumia. Mti wa mesquite, maarufu huko Texas, ni ndugu wa mathenge, mti uliopandwa Baringo, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa kisha ukateka malisho, hadi wakazi wakapeleka mbuzi aliyepoteza meno mahakamani Nairobi kama ushahidi wa madhara ya maganda yake yenye sukari. Ukiukata unawasaidia. Ila unatoa moshi mkali: mzuri kwa kuku na mapishi mafupi, kwa saa kumi na mbili utakuwa mchungu. Mpera na mchungwa ni wa upole na unapatikana kwenye mashamba yanayopogolewa. Mti uwe umekauka miezi kadhaa. Usitumie msindano, mbao zilizopakwa rangi au dawa, wala mnyaa wenye utomvu unaounguza macho. Oleanda, ule ua mzuri wa bustanini, ni sumu yote, mti hadi jani, usiutumie hata kwa kijiti cha kuchomea.

Kabla hujaliita jiko lako bovu, jua pia hili. Nyama itapanda vizuri hadi nyuzi 65 au 70, halafu itasimama. Saa mbili, tatu, haisogei. Watu wengi hapo wanaongeza mkaa na kuharibu kila kitu. Mwanafizikia Greg Blonder alionyesha kinachotokea: nyama inatoka jasho, na jasho likivukiza linaipoza kwa kasi ileile jiko linavyoipasha. Ngoja, au ifunge kwenye karatasi ya kahawia isiyo na nta ili jasho lisivukize. Majani ya mgomba yaliyopitishwa motoni yanafanya kazi hiyohiyo, na mimi nayapenda zaidi. Kujua kama imesimama au imeiva kunataka kipimajoto cha kuchoma ndani ya nyama. Kile cha kwenye kifuniko kinapima hewa ya juu tu, na mara nyingi kinadanganya kwa nyuzi 20 na zaidi. Ukipungukiwa hela, punguza kwenye jiko, si kwenye kipimajoto. Na hili lisijadiliwe: mkaa unatoa monoksidi ya kaboni, kwa hiyo jiko lolote la namna hii halikai gereji, verandani palipofungwa, wala kwenye balkoni ya ghorofa.

Ukishaamua, nenda dukani au kwa fundi jioni, giza likianza kuingia. Washa tochi ya simu, iingize ndani ya jiko, funga mlango na kila tundu, kisha lizunguke. Kila mahali mwanga unapotoka ndipo hewa itakapoingia usiku ukiwa umelala. Uzi mwembamba wa mwanga kwenye bawaba unazibika kwa gasketi, utepe wa kuzibia mianya. Ukiona mwanga umezunguka mlango mzima kama fremu ya picha, toa simu yako uondoke. Muuzaji atakushangaa, wa kwangu aliniuliza kama nimepoteza kitu humo ndani.